Ameasiliwa Ubelgiji, karatasi zinasema Kibungo na Benaco: aanzie wapi kutafuta nduguze?

MfasiriHuru aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu. Nahitaji wanaoijua kazi ya kutafuta ndugu waliopotezana vitani, si wa kubahatisha. Kuna dada aliyeasiliwa na familia ya Ubelgiji mwaka 1998, mmoja wa watoto waliobaki peke yao baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 kule Rwanda. Sasa ni mtu mzima, anataka kujua kama kwao kuna aliyebaki. Karatasi zake ni nne tu.

Ya kwanza ni hukumu ya mahakama ya Ubelgiji ya kuasili. Ya pili ni cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa Kigali mwaka 1998: jina Uwimana pamoja na jina la Kifaransa, kazaliwa 1 Januari 1991, Kibungo, baba na mama "hawajulikani". Ya tatu ni barua ya kituo cha yatima inayosema alipokewa Desemba 1996 "akitokea Benaco". Ya nne ni picha ndogo ameshika kibao chenye namba, nusu imefutika.

Mwilini ana [sehemu hii imeondolewa na mwandishi].

Kinyarwanda hakumbuki, ila maneno machache ya Kiswahili yamebaki kichwani. Ameshawaandikia akina Uwimana zaidi ya 40 Facebook, hakuna anayemjua. Maswali: aanze na DNA au karatasi? Hicho Kiswahili kinamaanisha alizaliwa Tanzania? Na faili za miaka ile ziko wapi leo?

NgaraHadiRusumo alijibu:

Mkuu, kabla ya yote hariri bandiko lako, uiondoe ile alama ya mwilini. Hiyo ndiyo atakayopimiwa mtu atakayejitokeza akisema yeye ni shangazi. Ukiianika hapa, kila tapeli anayo. Hata mkianza kutangaza picha na majina, bakizeni mambo mawili au matatu msiyoyataja popote.

Halafu akina Uwimana awaache wapumzike. Wanyarwanda kwa desturi hawana jina la ukoo. Kila mtoto hupewa jina lake peke yake: baba Habimana, mama Mukamusoni, na watoto watano wenye majina matano yasiyofanana hata herufi. Uwimana ni "wa Mungu", na wanaoitwa hivyo ni wengi kama kina Juma wa pwani. Tena mtoto aliyepokelewa akiwa mdogo mno kujitaja aliweza kupewa jina na walezi. Kwa hiyo jina hilo linaweza kuwa la nyumbani kwao, au la mtawa aliyekuwa zamu siku hiyo. Lisomeni kama kidokezo cha mwisho.

Kibungo nako msikukumbatie haraka. Mwishoni mwa 1996 serikali ya Tanzania iliwataka wakimbizi wa Rwanda warudi kabla ya 31 Desemba. Karibu watu nusu milioni walirudi katika wiki chache, wengi wakivuka daraja la Rusumo, na ng'ambo ya daraja ni mkoa wa Kibungo wa wakati huo. Mtoto asiye na mtu aliandikishwa pale alipopokelewa. Miaka miwili baadaye karani wa Kigali anatafuta neno la kujaza kwenye "mahali pa kuzaliwa", analikuta Kibungo kwenye karatasi ya mapokezi, analiandika. Tarehe 1 Januari ni ya aina hiyo hiyo: maana yake umri ulikadiriwa kwa macho. Unaweza kukosea mwaka mmoja au miwili kila upande. Angalieni meno kwenye ile picha. Meno ya mbele ya utotoni huanguka kati ya miaka 6 na 7, kwa hiyo kama picha ni ya mwisho wa 1996 na ana pengo la mbele, 1990 au 1991 inakubalika. Kama yote ni ya utotoni na yamejaa, huenda ni mdogo kuliko cheti kinavyosema.

Neno lenye uzito kwenye karatasi zote hizo ni Benaco. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka Rusumo kuingia wilaya ya Ngara ndani ya saa 24 hivi, na Benaco ikawa mji wa mahema. Wengi walitoka Kibungo, wengine Byumba na Kigali ya vijijini. Na hapa kuna jambo ambalo watafutaji wengi hulikosa: kambi ilipangwa kwa komuni, yaani maeneo ya utawala ndani ya mikoa ya Rwanda ya wakati huo. Watu walikaa kwa komuni walizotoka, mara nyingi chini ya burugumesitiri (mkuu wa komuni) wao yule yule. Kwa hiyo ikipatikana karatasi yoyote inayotaja sehemu ya kambi aliyookotwa, mmepata komuni, na kutoka komuni mnaanza kuhesabu vilima, yaani vijiji vya kule, badala ya nchi nzima. Ulizeni pia kama ni Benaco yenyewe. Kambi za jirani, Lumasi na Musuhura, watu wa mbali waliziita zote Benaco.

Mkoa wa Kibungo ulikuwa na komuni 11: Birenga, Kabarondo, Kayonza, Kigarama, Mugesera, Muhazi, Rukara, Rukira, Rusumo, Rutonde na Sake. Msiyatafute majina hayo kwenye ramani ya leo mkategemea kuyakuta yote. Mwaka 2006 Rwanda iligawanywa upya kuwa mikoa minne na Jiji la Kigali, wilaya 30, mirenge (kata) 416. Rusumo ya zamani iko wilaya ya Kirehe. Rutonde na Muhazi ziko Rwamagana, Rukara iko Kayonza, Sake na Mugesera ziko Ngoma. Miji ya mikoa mingine nayo ilibadilishwa majina: Butare sasa ni Huye, Gitarama ni Muhanga, Ruhengeri ni Musanze, Gisenyi ni Rubavu. Mtu anayeandika barua kwa "mkoa wa Kibungo" leo anaandikia ofisi isiyokuwepo, halafu analalamika hajajibiwa.

KaraniWaFaili alijibu:

Nakubaliana na mkuu hapo juu, naongeza njia ya karatasi. Kanuni ni moja: rudini nyuma hatua kwa hatua, Ubelgiji kwanza, Rwanda baadaye. Wengi hufanya kinyume. Wanakata tiketi ya Kigali wakiwa na nakala ya cheti tu, kumbe faili nono iko kilomita chache kutoka kwao.

Hukumu mliyo nayo ni jani la mwisho la faili ya mahakama. Aombe faili nzima: maombi ya wazazi wa kuasili, viambatisho, tafsiri, ripoti ya ustawi wa jamii. Kisha aandike Office des étrangers, ofisi ya uhamiaji ya Ubelgiji, kwa sababu mtoto hakuingia nchini bila viza, na viza ilidai karatasi. Nakala zilizopotea kwa familia mara nyingi huwa zimelala huko. Kifungu cha 15 cha kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya kinampa haki ya kupata taarifa zake mwenyewe, na muda wa kujibu ni mwezi mmoja, unaoweza kuongezwa miezi miwili. Barua iwe fupi: jina la sasa, jina la zamani, tarehe zote mbili za kuzaliwa kama zinatofautiana, mwaka wa kuingia, nakala ya kitambulisho. Asiombe "taarifa zinazohusu kuasiliwa kwangu", aombe "faili yangu yote pamoja na viambatisho na bahasha". Bahasha ina mihuri, na mihuri ina miji.

Kama kulikuwa na shirika la kati lililoleta mtoto na limeshafungwa, aulize ofisi ya upande wake wa nchi: Autorité centrale communautaire, mamlaka kuu ya kuasili, kwa wanaotumia Kifaransa; Afstammingscentrum, kituo cha kusaidia watu kutafuta asili yao, kwa Flanders. Kwa wanaosoma hapa kutoka nchi nyingine: Ufaransa kuna CNAOP, baraza la taifa la kusaidia watu kujua asili yao, iliyoundwa kwa sheria ya Januari 2002, na rejista kuu ya raia iko Nantes. Italia, sheria namba 184 ya 1983, kifungu cha 28, humruhusu aliyeasiliwa kuomba taarifa za asili yake mahakama ya watoto akifikisha miaka 25.

Sasa ile picha ya kibao. Hiyo ndiyo dhahabu yenu, namba inakaribia kuwa ya usajili. Mashirika yaliandikisha watoto zaidi ya laki moja waliotengana na wazazi katika eneo lote, na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ICRC, iliweka kumbukumbu kuu. Watoto wasiojua kujieleza walipigwa picha, na picha zikaonyeshwa makambini na kwenye komuni ili ndugu wawatambue. Ipigeni upya hiyo picha, mbele na nyuma, mwanga ukitoka ubavuni karibu usawa wa meza. Penseli iliyofutika nyuma ya picha huacha mtaro, na mtaro hutoa kivuli. Andikeni kila tarakimu mliyo na uhakika nayo, na zile za mashaka ziwekeeni alama ya kuuliza, msikisie. Namba iliyokosewa tarakimu moja huleta faili ya mtoto mwingine, na hapo ndipo watu hujikuta na familia isiyo yao.

Maombi ya ICRC hayapelekwi Geneva moja kwa moja. Yanapitia kitengo cha kutafuta ndugu cha Msalaba Mwekundu wa nchi anayoishi, na ni bure kabisa. Atahojiwa na kujaza fomu. Msalaba Mwekundu hautoi faili ya mtu mwingine, na ukimpata ndugu utamuuliza kwanza kama anataka kuonekana. Inaweza kuchukua miezi mingi. Jambo la kuomba waziwazi: watafute pia maombi yaliyofunguliwa na upande wa pili. Kuna wazazi na wajomba walioandikisha "natafuta mtoto" miaka ile na majina hayakukutana, kwa sababu mwandishi mmoja aliandika kwa r na mwingine kwa l, au mmoja alisikia Mukamana, mwingine Mukamwana.

Rwanda yenyewe kuna milango mitatu ya kugonga.

Kituo cha yatima: vingi vimefungwa, kwa sababu kuanzia miaka ya 2010 serikali ilianza kuwarudisha watoto kwenye familia. Barua aiandikie NCDA, wakala wa taifa wa maendeleo ya mtoto, na kama kituo kilikuwa cha watawa, aandikie pia shirika lao na jimbo la kanisa. Rejista za watawa huwa na safu ya "aliyeletwa na". Safu hiyo ina thamani kuliko cheti chote.

Parokia: kama komuni imepatikana, vitabu vya ubatizo huandika baba, mama, msimamizi na kilima. Atafutwe mtoto wa kike aliyebatizwa kati ya 1989 na 1992 ambaye hakuna kumbukumbu yake baadaye, hakuna kipaimara, hakuna ndoa. Ni kazi ya siku kadhaa kwa parokia moja, inahitaji ruhusa ya paroko na mtu anayesoma mwandiko wa Kinyarwanda.

Gacaca, mahakama za jamii zilizosikiliza kesi za mauaji yale: mlango huu watu hawaufikirii kwa sababu wanadhani ni mambo ya kesi tu. Kabla ya kesi, kila seli (ngazi ya utawala chini ya umurenge) ilikusanya habari: nani alikaa nyumba gani kabla ya mauaji, nani aliuawa, nani alitoweka. Kwa maneno mengine ni sensa ya kilima kwa kilima ya watu wa kabla ya Aprili 1994, iliyosemwa na majirani wenyewe. Mahakama hizo zilifungwa Juni 2012, na kumbukumbu sasa ziko chini ya wizara ya umoja wa kitaifa, MINUBUMWE. Ruhusa huombwa kwa maandishi, na ombi lisilo na jina la seli halifiki mbali. Ndiyo maana nasema Gacaca iwe mwisho.

MateNaVinasaba alijibu:

Karaniwetu kaeleza vizuri ila mimi sikubaliani na mpangilio. DNA isingoje karatasi. Karatasi huchukua miezi, kipimo huchukua wiki, na kikishawekwa kwenye hifadhi kinaendelea kutafuta chenyewe mtu akilala. Viende sambamba.

Achukue kipimo cha kampuni yenye hifadhi kubwa, AncestryDNA au MyHeritage, kisha apakue data ghafi na kuipandisha GEDmatch, ambako waliopima kampuni tofauti hukutana. Kwa kipimo cha mate: dakika 30 bila kula, kunywa, kuvuta sigara wala kutafuna bazoka. Mate yafike mstari, povu halihesabiwi.  Kwa wanaokaa Ufaransa, sheria inakataza mtu kujipima ukoo, faini hadi yuro 3,750. Ubelgiji haina katazo hilo.

Kuhusu matarajio. Wanyarwanda waliopima ni wachache na karibu wote wako Ulaya, Canada na Marekani. Msitegemee mama kutokea ukurasa wa kwanza. Mtakachopata ni binamu wa mbali, na kutoka kwake mnajenga mti kwenda juu, kisha kushuka. Soma hivi: mzazi na mtoto hushiriki sentimogani (kipimo cha urefu wa DNA inayolingana) 3,400 hadi 3,500. Ndugu wa baba na mama mmoja, karibu 2,600. Ndugu wa upande mmoja, mjomba, shangazi, bibi, wote huangukia karibu 1,750, kwa hiyo namba peke yake haitawatofautisha, umri ndio utakaosema. Binamu wa kwanza karibu 870, wa pili karibu 230. Chini ya 50 msimsumbue mtu.

Kuna hila moja kwa wanawake. Baba ana kromosomu X moja na huwapa mabinti zake wote ile ile nzima. Akijitokeza mwanamke anayedai ni dada wa baba mmoja, angalieni X kwenye GEDmatch: lazima walingane mwanzo hadi mwisho. Ikiwa na mapengo, baba si mmoja, hata kama wanafanana kama mapacha.

Ile ramani ya rangi inayotoa asilimia za asili, ifungeni. Haiwezi kusema kilima, na haiwezi kusema Mhutu au Mtutsi. Anayeuza huduma ya kusoma hilo anauza upepo.

Akipatikana mtu Rwanda ambaye hayumo kwenye hifadhi yoyote, Kigali kuna Rwanda Forensic Institute inayopima undugu. Kwa mzazi na mtoto jibu huwa wazi. Kwa ndugu wawili tu, vipimo vya alama 16 hadi 24 huweza kurudi na "haijulikani", na hapo familia huvunjika moyo bure wakidhani ni hapana. Dawa yake ni kuongeza watu: mama kama yupo, au ndugu wa tatu, au kurudi kwenye kipimo kikubwa cha kampuni.

NgaraHadiRusumo alijibu:

Nimesahau swali la Kiswahili. Hakithibitishi alizaliwa Tanzania. Mtoto wa miaka mitatu aliyeingia Ngara Aprili 1994 na kutoka Desemba 1996 amekaa zaidi ya miaka miwili na nusu katika umri wa kuokota lugha, sokoni na kwenye foleni ya maji. Na Rwanda nako kuna Kiswahili, Nyamirambo pale Kigali na mji wa Gisenyi, hasa kwa Waislamu na wafanyabiashara. Mwambie ayatamke maneno yenyewe bila kuyasahihisha, umrekodi. Akisema *mayi* badala ya *maji*, masikio yaelekee Kongo, na hapo neno Benaco litiliwe shaka. Akisema kama sisi wa Kagera, karatasi na kinywa vimekubaliana.

MfasiriHuru aliuliza tena:

Ahsanteni sana. Ile picha ya kibao tumeipiga upya kwa mwanga wa pembeni, tarakimu tano zimesomeka na herufi moja mbele. Swali la mwisho: akijitokeza mtu, hatua ya kwanza iwe nini? Na kama familia yote haipo?

Umuhuza alijibu:

Hatua ya kwanza ni kutotuma pesa na kutotuma picha zaidi. Mdai aeleze yeye: mtoto alipoteana na nani, wapi, alikuwa amevaa nini, alikuwa na alama gani. Msimwongoze kwa maswali yenye jibu ndani, kama "alikuwa na kovu, sivyo?" Mwulizeni "alikuwaje?" mnyamaze. Kisha kipimo, ndipo simu ya video. Video kabla ya kipimo inajenga undugu ambao kipimo kikikataa hakuna wa kuubomoa. Na si kila anayekosea ni mwongo. Mama aliyepoteza binti wa miaka mitatu humwona kwenye kila sura.

Kabila msiulize, si kwa simu wala kilimani. Ulizeni mahali: komuni, kilima, shule, parokia. Mengine yatakuja yenyewe. Mhusika aandaliwe kwa majibu yote: mtoto wa Benaco anaweza kuwa wa familia iliyouawa, ya waliokimbia tu, au ya aliyehukumiwa. Na wazazi "hawajulikani" kwenye cheti haina maana wamekufa. Kuna walioandikwa yatima wakati mzazi alikuwa kambi nyingine au gerezani. Miongozo ya UNHCR ya 1994 ilitaka utafutaji wa kama miaka miwili kabla ya kuasili, na si kila mahali ulifanyika.

Kama familia haipo, swali hilo nalo lina mahali pa kuulizwa. GAERG, chama cha manusura waliohitimu vyuo, kiliorodhesha *imiryango yazimye*, familia zilizozimika bila kubaki mtu, zaidi ya 15,000, kilima kwa kilima. Mkishajua seli, ombeni kuangalia orodha ya seli hiyo. Familia iliyoandikwa imezimika, yenye binti wa umri wake, ni jambo la kuwafuata majirani. Kuna waliotangazwa wamezimika kwa sababu tu aliyebaki alikuwa mtoto na hakuwepo kujitaja.

Mkienda kilimani, mpitie kwanza kwa katibu mtendaji wa umurenge na mwakilishi wa wilaya wa Ibuka, mwavuli wa vyama vya manusura. Wiki ya 7 hadi 13 Aprili watu wote wako pamoja na kumbukumbu ziko wazi, lakini ofisi hazina nafasi na mioyo ni mizito. Mimi ningeenda Juni. Mkalimani asiwe mtu wa kilima hicho, na asiwe ndugu wa mdai. Kila jioni aandike alichosikia kwa Kinyarwanda, neno kwa neno, kabla ya kukitafsiri.